Daftari la Mosoriot na Kazi Iliyokabidhiwa Mashine

Msomaji, mji wa Eldoret ulipata kwanza namba, kisha ndipo ukapata jina. Walowezi wa Kikaburu walifika katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka wa 1908, na ardhi iliyokuwa malisho ya wenyeji ikakatwa mashamba, kila shamba likaandikwa kwa namba yake. Posta iliyofunguliwa mwaka wa 1910 ilisimama katika shamba namba 64. Kwa hiyo watu wakauita mji kwa namba ile ya Kiingereza, na ndimi za wenyeji zikaigeuza ikawa Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka wa 1912. Reli ikafika mwaka wa 1924. Na miaka 100 baada ya reli, yaani mwaka wa 2024, Eldoret ikatawazwa kuwa jiji.

Naanza na habari hii ili uone ya kuwa daftari si kitu kidogo. Kilichoandikwa humo huweza kuwa jina la mji, na kisichoandikwa huweza kusahauliwa kana kwamba hakikuwapo. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ni hivyo kwa mali, sembuse afya ya binadamu? Katika insha hii nitakueleza jinsi daftari la wagonjwa lilivyoacha kuwa la karatasi na kuwa la kompyuta hapa karibu na Eldoret, na jinsi mafundi walivyojifunza kuikabidhi mashine kazi ya kuliweka daftari hilo na kulifanya upya mahali pengi bila kosa. Mambo haya yametokea karibu na siku zetu, lakini ni historia kama ya reli na ya posta.

Kusini ya Eldoret, katika nchi ya Nandi, kiko kituo cha afya cha Mosoriot. Zamani kituo kama hiki kilikuwa na madaftari mengi. Mgonjwa aliandikwa mlangoni. Akaandikwa tena katika chumba cha kupima damu. Akaandikwa mara ya tatu dirishani pa dawa. Madaftari hayo hayakujuana. Mwisho wa mwezi ulipofika, watumishi waliketi wakihesabu mistari kwa kidole ili wapate idadi ya wagonjwa wa malaria, ya watoto waliochanjwa na ya akina mama waliojifungua. Aliyehesabu akachoka alikosea, na kosa lake likaenda mpaka wizarani likiwa limevaa sura ya kweli.

Mwezi wa Februari, mwaka wa 2001, watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliweka kompyuta mbili katika kituo hicho. Kompyuta zile ziliunganishwa pamoja, zikapewa printa moja, na kwa kuwa umeme haukuaminika, zikapewa kifaa cha kuhifadhi umeme na betri ya nguvu za jua. Joseph Rotich na wenzake waliandika habari za kazi hiyo mwaka wa 2003, wakaeleza kuwa muda ambao mgonjwa aliutumia kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Jambo hilo si dogo kwa mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni.

Mwaka ule ule wa 2001 vita dhidi ya Ukimwi vilipamba moto. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo rafiki vya Marekani vilianzisha mpango uitwao AMPATH, na Mosoriot ikawa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza. Ugonjwa huu haukutaka daftari la kawaida. Mwenye malaria hutibiwa akaenda zake. Lakini mwenye virusi vya Ukimwi hurudi mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na kila arudipo tabibu hana budi kujua alipewa dawa gani, kinga yake ilipimwa lini, na kama aliwahi kuugua kifua kikuu. Kwa hiyo programu ya Mosoriot ilipanuliwa. Matabibu walijaza fomu za karatasi katika vituo, fomu zikapelekwa Eldoret, na makarani wakaziingiza katika kompyuta.

Wagonjwa waliongezeka upesi. Muongo mmoja haukupita kabla zaidi ya watu 100,000 hawajaandikishwa. Programu ya kwanza ilikuwa kama nguo ya mtoto ambayo mwenyewe amekwisha kuwa kijana. Mwaka wa 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, waliitazama hali hiyo wakaona kuwa viraka havitafaa tena. Waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, na Christopher Seebregts wa Afrika Kusini, wakaanza kujenga programu mpya iitwayo OpenMRS. Mwezi wa Februari, mwaka wa 2006, programu hiyo ilianza kazi Eldoret, mahali pake pa kwanza duniani. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ilifika Rwinkwavu nchini Rwanda, na tangu hapo imeenea katika makumi ya nchi.

Yafaa tusimame kidogo tueleze programu hii ni ya namna gani. OpenMRS ni programu ya wavuti. Maana yake ni kwamba programu yenyewe hukaa katika kompyuta moja kubwa iitwayo seva, na watumishi huitazama kwa kivinjari kutoka kompyuta zao, kama nyumba nyingi zinavyoteka maji katika kisima kimoja. Tena ni programu huria: yeyote aweza kuisoma jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha na kuwapa wengine. Lakini programu ya namna hii haikai kama jiwe la kaburi. Kila baada ya muda waandishi wake huzibua makosa na kuongeza mambo mapya. Wizara ikibadili kanuni ya kutibu, fomu hazina budi kubadilika; na fomu zikibadilika, toleo jipya la programu halina budi kuwekwa katika seva na kuanza kazi. Kazi hiyo ya kulichukua toleo jipya kutoka kwa waandishi na kulisimika mahali linapotumika ndiyo shabaha ya insha hii.

Mtu asiyeijua kazi ya kusimika huiona nyepesi. Basi jaalia, msomaji, kwamba wewe ndiwe fundi, na vituo 40 vimo mikononi mwako. Katika kila kituo, kwanza utawaarifu watumishi waache kuandika. Pili, utaizima programu. Tatu, utatoa nakala ya akiba ya hifadhidata na kuiweka mahali pa salama. Nne, utaondoa faili za toleo la zamani. Tano, utaweka faili za toleo jipya. Sita, utayabadili majedwali ya hifadhidata yapate safu zinazotakiwa na toleo hilo. Saba, utakagua mipangilio ya seva. Nane, utaiwasha programu. Tisa, utaijaribu kwa kumbukumbu ya mgonjwa wa majaribio. Kumi, utaandika tarehe na namba ya toleo.

Hatua 10 katika vituo 40 ni matendo 400. Mtu makini akikosea mara moja tu katika kila matendo 100, atakuwa amekosea mara 4. Lililo baya si hesabu hiyo. Lililo baya ni kwamba mwenyewe hajui ni vituo vipi 4. Labda katika kimoja alisahau hatua ya tatu, na umeme ukakatika alipokuwa katika ya sita. Kumbukumbu za miaka zikaharibika wala nakala haipo. Labda katika kingine aliacha safu moja, na tangu siku hiyo dawa anayoiandika muuguzi haihifadhiwi. Fundi amekwisha kuondoka na pikipiki yake. Mgonjwa anakuja mwezi ujao, na daftari halimtambui.

Taabu hii haikuanza Afrika Mashariki, wala mafundi wetu si wazembe kuliko wengine. Mwaka wa 1976, katika maabara za Bell huko Marekani, mtaalamu mmoja alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikuwa amekwisha kulisahihisha. Kosa halikuwamo tena katika maandishi. Alikuwa amesahau tu kuitayarisha upya sehemu ile ya programu, hivyo kompyuta ikawa yaendesha ya zamani. Mwenzake, Stuart Feldman, aliposikia malalamiko hayo aliandika programu ndogo aliyoiita Make. Kazi yake ilikuwa kutazama ni nini kimebadilika, na kukitayarisha upya hicho bila kumtegemea mtu akumbuke. Yamkini ndiyo mashine ya kwanza mashuhuri ya namna hii, na ingali inatumika.

Wale waliodhani kuwa kusahau ni jambo dogo walipata funzo mwaka wa 2012. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilikuwa na seva 8 zilizotakiwa kuwekewa programu mpya. Fundi aliiweka katika seva 7, ya 8 akaisahau, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti soko lilipofunguliwa, seva ile moja iliamsha maagizo ya zamani yaliyokuwa yamelala kwa miaka, ikaanza kununua na kuuza bila kikomo. Kwa muda wa dakika 45 hasara ilipita dola milioni 460, na kampuni haikuweza tena kusimama peke yake. Hao walikuwa watu wenye mali, umeme wa uhakika na mafundi wengi. Ikiwa wao waliangushwa na seva moja kati ya 8, itakuwaje kwa vituo 40 vilivyotawanyika milimani?

Dawa ya ugonjwa huu ni moja katika kila nchi: hatua zote huandikwa mara moja katika hati ya maagizo, na mashine husoma hati hiyo na kuitenda. Mashine haichoki saa kumi za jioni. Hairuki hatua ya tatu kwa sababu ya mvua. Inayoyatenda katika seva ya kwanza ndiyo inayoyatenda katika ya 40.

Waandishi wa OpenMRS waliifuata njia hii hasa katika hatua ya sita, ambayo ndiyo ya hatari kuliko zote. Walitumia chombo kiitwacho Liquibase, ambacho kilianza mwaka wa 2006. Namna yake ya kufanya kazi yaweza kueleweka na mwanafunzi yeyote. Kila badiliko la majedwali huandikwa na kupewa kitambulisho chake. Ndani ya hifadhidata limo jedwali moja la pekee lenye orodha ya mabadiliko yaliyokwisha kufanywa. Programu inapowashwa, kwanza hulinganisha orodha mbili: ya mabadiliko yanayotakiwa na ya yaliyofanywa. Lisilofanywa hulifanya, kwa utaratibu wake, kisha huliandika. Lililofanywa haligusi tena. Kwa hiyo kituo kilichokosa matoleo matatu kwa sababu ya barabara mbovu hupata mabadiliko yote matatu kwa zamu, na kituo ambacho fundi amerudia kazi kwa kusahau hakidhuriki. Tazama basi, msomaji: mashine nayo imepewa daftari, na daftari hilo ndilo linaloizuia isikosee.

Haja ya utaratibu huu ilizidi kadiri miaka ilivyopita. Hapo mwanzo hifadhidata ya AMPATH ilikuwa moja mjini Eldoret, na fomu ndizo zilizosafiri. Lakini kuanzia mwaka wa 2012 Kenya ilianza kueneza KenyaEMR, programu iliyojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya vituo vya serikali, na katika miaka michache ikafika vituo zaidi ya 300. Hapa kila kituo kilikuwa na seva yake, kwa kuwa intaneti ya vijijini haikutegemeka, na muuguzi hawezi kumwambia mgonjwa angoje mtandao urudi. Mahali pa kisima kimoja pakawa na visima 300, na kila kimoja chataka kusafishwa kwa namna ile ile. Kwa hiyo toleo jipya hufungwa katika furushi moja pamoja na hati yake ya maagizo. Pasipo na intaneti, furushi hubebwa mfukoni katika kifaa kidogo cha kumbukumbu; fundi hukichomeka, hutoa amri, na hati huzima programu, huondoa faili kuukuu, huweka mpya na kuwasha tena.

Baadaye ulimwengu ulipata njia nyingine. Simama siku moja kando ya barabara kuu ipitayo Eldoret kwenda Malaba, uyatazame malori yanayopanda kutoka Mombasa. Yamebeba makontena. Dereva hajui kama ndani mna mchele au vitambaa, wala hahitaji kujua. Kontena ni la umbo moja, na kreni ya Mombasa hulishika kama inavyolishika ya bandari nyingine yoyote. Mwaka wa 2013 chombo kiitwacho Docker kilitolewa, nacho huifanyia programu kama bandari ifanyavyo kwa shehena: huifunga programu pamoja na vyote inavyovihitaji katika kontena moja, hata iweze kuendeshwa katika seva yoyote iliyo tayari kupokea makontena. OpenMRS sasa hutolewa kwa njia hiyo pia. Fundi hana haja tena ya kujiuliza kama seva ya kituo fulani ina kila kitu kinachotakiwa, maana mzigo umekuja na vyombo vyake.

Hata hivyo sitaki uende ukiamini kuwa mashine ni mtumishi asiye na ila. Fundi akikosea kwa mkono, hukosea kituo kimoja. Hati ikikosewa, hukosea vituo vyote kwa dakika chache, na hutenda hivyo kwa utii ule ule unaotufurahisha. Mashine haina haya wala shaka. Haitasita ikajiuliza kwa nini majedwali yamekuwa matupu. Kwa sababu hiyo wenye hekima huweka masharti manne. Hati hujaribiwa kwanza katika seva isiyo na mgonjwa. Nakala ya akiba hutangulia kila badiliko, na hujaribiwa kama kweli yaweza kurejeshwa. Toleo jipya huwekwa katika kituo kimoja au viwili kabla ya vingine. Na njia ya kurudi katika toleo la zamani hutayarishwa kabla ya safari kuanza, si baada ya kupotea.

Wako waliouliza kama fundi atabaki na kazi wakati mashine imechukua jasho lake. Historia hii yatupa jibu. Kazi ya fundi haikwisha, ila imehama. Zamani ujuzi wake ulikuwa kichwani, na alipopata kazi Nairobi aliondoka nao, kituo kikabaki na seva isiyojulikana ilivyotengenezwa. Sasa ujuzi umo katika hati. Mwanafunzi wa Eldoret aweza kuisoma, kuiuliza maswali, kuona kosa la aliyemtangulia na kulisahihisha. Mtu ameachiwa yale yanayomfaa mtu, ndiyo kufikiri ni hatua zipi zinatakiwa, kwa nini zinatakiwa, na lini inafaa kusimama. Kurudia mara 400 bila kubadilika hakukuwa fahari ya binadamu hata kidogo.

Ukitaka kulielewa jambo hili bila kompyuta, chagua kazi moja ambayo darasa lako huirudia kila juma, kama kutayarisha maabara au kugawa vitabu, uandike hatua zake zote kwa utaratibu. Kisha umpe mwenzio ambaye hajapata kuifanya, nawe unyamaze. Utaona upesi ni mambo mangapi uliyadhani yameandikwa kumbe yalikuwa kichwani mwako. Mafundi wa programu nao walianza kwa aibu hiyo hiyo.

Mwisho, kumbuka yule mama aliyefika Mosoriot na mtoto mgongoni. Yeye hakuijua hati ya maagizo, wala hakuna aliyemwambia kuwa usiku uliopita programu ya kituo ilibadilishwa. Aliita jina lake dirishani, na jina likaonekana. Dawa aliyopewa mwezi uliopita ikaonekana chini yake. Akachukua dawa akaenda nyumbani mapema. Hapo ndipo kazi yote niliyokueleza huwa imetimia, siku ambayo mgonjwa hakuwa na sababu ya kuijua.